Mama Mfuniko na Gunia la Unga wa Mbao

Kabla sijasema lolote jema juu yake, nikiri kwanza: kwa miaka sita hakuna aliyemcheka kama mimi. Ni mimi niliyembandika jina la Mama Mfuniko, na jina likamganda mpaka bosi mwenyewe akawa analitumia.

Karakana yetu inatengeneza vitanda, makabati na viti. Wenye misumeno na randa wako ukumbi wa mbele. Mimi ni fundi wa vanishi, nafanyia kazi chumba cha nyuma. Yeye ni mtunza stoo. Ana misumari, ana bawaba, ana gundi, lakini anachokilinda hasa ni mapipa manne ya thina, yale majimaji tunayoyeyushia rangi na vanishi. Thina hushika moto kama petroli, na sisi tulikuwa tumeizoea kama maji ya kunawa.

Alianza kama mfagiaji. Mapipa ya kwanza yalipoletwa yalikuwa na karatasi ya maelezo iliyobandikwa ubavuni. Sisi tulitazama ule mchoro wa moto tukaendelea na hamsini zetu. Yeye alisimama pale na ufagio wake akaisoma yote, kisha akamfuata bosi na maswali matano. Bosi hakuwa na jibu hata moja, akaona afadhali ampe funguo za stoo. Mpaka leo sijaona mtu mwingine anayesoma ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi la dawa ya kikohozi, tena kwa sauti.

Akaanza na sheria. Mlangoni mwa stoo aliweka kikapu: simu humo, kiberiti humo, hata vya bosi humo. Alitobolesha matundu chini kabisa ya ukuta, kwa sababu mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, haupandi juu, unatambaa sakafuni. Alitueleza habari hizo kwa kunong'ona, utadhani mvuke unasikia. Hakumimina thina kabla ya kuunganisha pipa na dumu la bati kwa waya, eti thina inapotiririka huzaa cheche isiyoonekana. Akapanga ndoo nyekundu za mchanga mkavu kila kona. Nilimuuliza kama anajenga nyumba. Na juu ya yote, vifuniko. Ukiacha kopo wazi hata dakika moja ungesikia sauti kutoka mwisho wa karakana: "Mfuniko!"

Tulimwita mama, kwa hiyo mdogo wake, mpishi wetu wa chai, akawa mama mdogo wa karakana nzima. Mama mdogo anapikia jiko la unga wa mbao: anaushindilia ndani ya debe kuzunguka chupa, anachomoa chupa, linabaki tundu la moto kupita. Unga kwetu haununuliwi. Gunia lolote likiachwa mlangoni ni lake, anakuja na toroli analibeba.

Zamani jiko lilikuwa ubavuni mwa stoo, ukuta kwa ukuta. Mama Mfuniko alimsumbua bosi mpaka likahamishiwa kibandani kando ya geti. Mama mdogo akawa anabeba birika la watu ishirini kuvuka uwanja mzima, na miguu yake ina matatizo. Akanuna. Miezi miwili dada hawa hawakusemeshana, na wanaishi nyumba moja! Jioni walirudi kwa barabara ileile, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Chai ya dada yake aliituma kupitia kwetu: "Mpelekeeni yule."

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Siku hiyo, saa tatu na nusu asubuhi, nilikuwa na kabati la mteja mkali. Nilikuwa na dumu la thina sakafuni, wazi, maana nilichoka kufungua na kufunga. Nilipiga hatua moja nyuma kulitazama kabati, kisigino kikalipiga dumu. Nilipoliinua, kama lita tano zilikuwa zimeshatandaa sakafuni.

Hapo nikafanya kosa la fundi mbao. Kwetu chochote kikimwagika, chai, maji au mafuta ya mashine, unakimwagia unga wa mbao, unafagia, yameisha. Mama Mfuniko alishatukataza kufanya hivyo kwa thina. Unga unainyonya tu, hauiondoi, na ukimaliza una gunia la kitu kinachosubiri moto. Mchanga, alisema, kisha niiteni. Lakini kumwita kulikuwa na maana ya kusikia "Mfuniko!" mbele ya watu wote. Nikamwaga unga, nikafagia, nikatia guniani, nikaliweka mlangoni nilipeleke shimo la taka baadaye. Nikarudi kwenye kabati nikipiga mluzi.

Dakika kumi hivi zilipita. Mama Mfuniko akaingia.

"Umemwaga," alisema.

"Hapana, mama. Si harufu ya kila siku hii?"

Hakubishana. Alichuchumaa akaitazama sakafu. "Tangu lini hapa pakafagiliwa?"

Nikajitia hamnazo. Kweli, katikati ya chumba kichafu kulikuwa na duara safi, pana kama meza.

"Mwanangu," akasema taratibu, "unga umeupeleka wapi?"

Tukageuka pamoja kutazama mlango. Gunia halikuwepo.

Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. "Usiguse swichi yoyote. Fungua madirisha. Watu wote watoke, wakae upande upepo unakotoka." Akachomoa mtungi wa kuzimia moto ukutani, akakimbia. Ana goti bovu, sijawahi kumwona akikimbia. Niliwapigia kelele wenzangu watoke, nikanyakua ndoo mbili za mchanga, nikamfuata na roho mkononi.

Kutoka katikati ya uwanja niliona kila kitu. Birika lilikuwa likichemka juu ya jiko linalowaka. Hatua chache pembeni, mama mdogo alikuwa ameinama kwenye debe la pili, ameshika chupa, anashindilia unga wangu. Gunia lilikuwa wazi miguuni pake. Mafua yalikuwa yamemziba pua tangu juzi, hakusikia harufu yoyote.

"Toka humo!" dada yake akapaza sauti. "Acha kila kitu, toka!"

Mama mdogo aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye debe lake. "Leo ndiyo umenikumbuka?" akasema. "Ngoja jiko lako likae sawa. Si ulilitaka huku?"

Nilitaka kulia. Miezi miwili ya kununiana, na sasa ingemuua mtu kwa sababu yangu.

Ndipo Mama Mfuniko akamwita kwa jina lake la utotoni. Sitaliandika hapa, ameniapisha, ila ni jina la kumwita mtoto mnene anayeiba sukari. Nadhani hakuna aliyemwita hivyo tangu mama yao afariki. Mama mdogo alisimama wima, akatoka kibandani na chupa yake mkononi, macho yamemtoka, aone kulikoni. Dada yake alimdaka mkono akamvuta mpaka katikati ya uwanja.

Walikuwa hawajasimama vizuri kibanda kikapiga mshindo. Mvuke ulikuwa umeshatambaa mpaka jikoni. Moto ulitembea chini, ukarudi kwenye gunia, ukapanda hadi kwenye bati, pale pale mama mdogo alipokuwa ameinama.

Mtu mmoja alikuja mbio na ndoo ya maji. "Maji hapana!" Mama Mfuniko akamfokea. "Yatausambaza!" Alizunguka mpaka upepo ukawa mgongoni kwake, akachomoa pini, akapuliza unga mweupe wa mtungi chini ya moto, kushoto na kulia, bila papara. Moto ulipolegea akanitazama. Nikamwaga mchanga, ndoo ya kwanza, ya pili, wenzangu wakaleta nyingine. Zimamoto walipofika walikuta bati jeusi, kifusi cha mchanga na birika lililopinda. Hakuna aliyeungua hata kidole. Mkubwa wao alizunguka, akaingia mpaka stoo, simu yake ikawekwa kikapuni kama za wengine, akatoka akasema hana la kuongeza.

Hapo tukashusha pumzi. Watu walicheka ovyo, watu walikaa chini popote. Mimi nikamfuata Mama Mfuniko nimsujudie.

"Mama, nisamehe."

"Msamaha utamwomba mdogo wangu. Mimi nataka maelezo. Ulimwaga kiasi gani, saa ngapi, ukafagilia nini, ukaweka wapi. Uyaseme mbele ya wote."

Nikayasema yote, hata dumu lililokuwa wazi, hata mluzi. Bosi alitaka kunifukuza pale pale. Mama Mfuniko akamwambia nibaki, kwa kuwa katika karakana nzima ni mimi peke yangu ambaye sitarudia tena. Mama mdogo aliniambia amenisamehe, ila chai yangu itakuwa haina sukari mpaka atakapojisikia.

Kesho yake saa nne, jiko likiwa limejengwa upya hapo hapo getini, mama mdogo alitoka na birika jipya. Hakumtuma mtu. Alivuka uwanja polepole kwa miguu yake mibovu, akihesabu hatua kwa sauti, na sisi sote tukaacha misumeno tukimsikiliza. Alifika mlango wa stoo kwenye hatua ya sitini na moja, akageuka akakitazama kibanda kilivyo mbali, kisha akautazama ukuta ambako jiko lilikuwa zamani, na nyuma ya ukuta huo mapipa manne.

"Dada," akasema. "Hata mia ningetembea."

Akammiminia chai, akaiweka juu ya meza ya stoo, akatoa kisosi mfukoni mwa aproni yake akakifunika kikombe.