Mkuyu wa Kaluki

Siku ile mkuyu wa chemchemi ulipoangushwa, shoka la kwanza lilikuwa la Kaluki. Hakulazimishwa na mtu. Ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama kanisani, kwenye mteremko wa chini ya mji wa Nunguni, na chini ya mkuyu ule wazee walikuwa wakichinja mbuzi kuomba mvua. Kaluki alisema shetani hang'olewi kwa maombi peke yake. Akatunga wimbo, akawafundisha wenzake, wakauimba tangu asubuhi mpaka mti ukalala juu ya matete.

Shetani hakuonekana, ila jua liliingia. Kanisa likapanda mikaratusi pale pale, ije kuwa mbao za jengo jipya. Majirani nao, walipoona hakuna tena wa kupaogopa mahali hapo, wakachimba mitaro, wakakausha kinamasi, wakapanda kabichi. Walivuna wakashiba, tena wakamshukuru Kaluki kwa kuwafungua macho. Mikaratusi ikanywa, na miti hiyo haijui kunywa kidogo. Miaka ishirini baadaye vyura walikuwa wamenyamaza, matete yamegeuka kuni, na pale Kaluki alipojaza mtungi kabla salamu hazijaisha, sasa aliketi na kikombe akingoja matone.

Mwaka jana afisa wa maji alikuja kutoka mji wa Wote, akazunguka chemchemi yote, na buti zake zikatoka bila tope. Akawaambia mikaratusi ing'olewe, mitaro izibwe, mikuyu irudi, tena wasingoje kesho. Watu waliitikia kwa kichwa na hakuna aliyeinua hata jembe. Maji ya kupikia yakawa ya kuchotwa mbali, saa mbili kwenda na kurudi, na Kaluki ana miaka sabini na mmoja na goti bovu.

Jumapili moja, wakati wa ushuhuda, akasimama.

"Nilikosea," akasema. "Ule mti haukuwa shetani. Ulikuwa unashikilia maji. Naomba kanisa ikate mikaratusi, turudishe mikuyu."

Kisha akainuka Nduku, mkaza mwanawe, ambaye siku hizi ndiye anayeongoza akina mama.

"Mwaitu," akasema, kwa heshima ya kumwita mama yake, "hiyo miti ni ya paa ya kanisa. Na ni wewe ulitufundisha pale ni mahali pa mizimu. Sasa unataka tuirudishe?"

Kaluki akaketi. Maji yakimwagika hayazoleki, na maneno ni hivyo hivyo.

Akaamua kufanya peke yake. Aliomba tawi la mkuyu kwa jamaa zake, akalichomeka kando ya chemchemi, akalizungushia miiba. Kila jioni alishuka na maji yaliyobaki ya kuoshea vyombo, akapiga lile goti bovu chini, akamimina polepole asipoteze hata tone. Wiki ya sita tawi likatoa majani matatu. Kaluki alilia kwa furaha wala hakuona haya.

Lakini mtu apigaye goti mbele ya mti huonekana. Maneno yakapanda mlima: Kaluki amerudia mizimu. Pasta akamwomba apumzike kwanza, asishiriki meza ya Bwana. Hilo lilimuuma sana, lakini hakuacha kumwagilia.

Alhamisi moja, akifagia ua, alisikia wanawake wakiimba kule chini. Aliutambua wimbo kabla hajashika maneno, maana ni yeye aliyeutunga, na sauti iliyotangulia ilikuwa ya Nduku. Alitupa ufagio, lakini goti halikumruhusu kukimbia.

Alipofika walikuwa wameshaondoka. Miiba ilikuwa imetawanywa, na tawi limevunjwa mara mbili likatupwa juani. Kaluki aliokota kipande cha chini. Kilikuwa kimeshatoa mizizi, myeupe, mirefu kama kidole, na ilikuwa bado na maji.