Mayai ya Kwenye Minyaa

Juzi mdogo wangu wa kike alikuja kunitembelea hapa Geita, mjamzito wa miezi saba. Asubuhi nikamkuta kasimama mlangoni pa jiko na yai la kuchemsha mkononi, analichovya kwenye chumvi na pilipili, anakula huku akiwatazama kuku wangu. Mdomo wangu ukasema wenyewe: "Mdogo wangu, usile umesimama mlangoni."

Akacheka nusura apaliwe. "Kaka, hata wewe? Mwenye mabanda matano ya kuku?"

Ni kweli, ninayo matano. Usinione hivi, rafiki yangu. Shule niliiacha darasa la nne, lakini mchimbaji wa mji huu akila chapati na yai asubuhi, ujue kuna uwezekano mkubwa yai hilo limetoka kwangu. Wenye vyeti vyao wanakuja kuniuliza kuku analishwaje hata atage mfululizo. Nawaeleza, wanaandika. Ila neno lile la mlangoni halikuwa langu. Lilikuwa la bibi yetu, mama yake baba, na lilikuwa limekaa kifuani mwangu miaka yote hiyo bila kulipa kodi.

Nyumbani kwetu Shinyanga, kabla hatujahamishiwa kijiji cha ujamaa, boma letu lote lilizungushiwa ua wa minyaa. Wewe uliyekulia huko unaujua. Minyaa mirefu kuliko mtu, imeshikana, tawi likivunjika linatoa utomvu mweupe unaochoma jicho kama pilipili. Ng'ombe hapiti, fisi hapiti. Mlango ulikuwa mmoja tu, na kando ya mlango huo bibi aliweka kigoda chake. Baba alikuwa kazini kwenye mgodi wa almasi kule Mwadui, anarudi mwisho wa mwezi na mkate na sukari. Kwa hiyo ndani ya minyaa tulibaki watatu: bibi, mama na mimi, wa miaka tisa hivi.

Mama alikuwa na mimba. Mbili zilizotangulia zilikuwa zimeharibika, na hii bibi aliapa haitatoka mikononi mwake. "Mdomo wa mwenye mimba si wake," alisema, "ni wa ukoo." Akaupangia sheria. Maini hapana, mtoto atatoka na mabaka. Kambale hapana, atatokwa udenda mpaka aoe. Makoko ya ugali hapana, kondo la nyuma litagandia kama makoko yanavyogandia chungu. Kula umesimama mlangoni hapana, mtoto naye atasimama mlangoni asitoke. Na kubwa kuliko zote, yai. Mwenye mimba akila yai, mtoto anazaliwa kipara, na njia inajifunga.

Mlinzi wa sheria hizo nilikuwa mimi. "Wewe ndiye jicho langu," bibi aliniambia, na mshahara wangu ulikuwa kila kilichokatazwa. Mama akinyimwa maini, nakula mimi. Makoko, mimi. Kichwa cha kambale, mimi, hadi mifupa nainyonya. Nilinenepa, nakwambia, watoto wenzangu wakaniita ndama. Nilijiona mkubwa. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya kuajiriwa, na niliifanya vizuri mno.

Mama alizidi kukonda. Viganja vyake vikawa vyeupe kama unga wa muhogo, na akiinuka anashika ukuta kwanza. Siku ya kliniki nilimsindikiza kwenye zahanati ya misheni, kwa amri ya bibi. Nesi akavuta kope la mama, akatikisa kichwa. "Damu hakuna, mama. Yai kila siku, maini ukipata, na mboga za majani. Usipokula, siku ya kuzaa nani atakusaidia?"

Nikapeleka taarifa kama ilivyo. Bibi akatema mate. "Huyo nesi amezaa wangapi?"

"Sijui, bibi."

"Basi nenda kamuulize, halafu ndiyo urudi na mayai yake."

Kuanzia hapo kuku wote walilala ndani ya nyumba ya bibi, na kila yai alilipiga alama ya mkaa. Lakini palikuwa na tetea mmoja wa madoa, mjanja kama mimi, aliyekuwa akitaga ndani kabisa ya minyaa. Mama ndiye aliyemwona. Siku moja tunaanua michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, juani, akasema bila kunitazama, "Ng'wana wane, mwanangu, njaa hii siyo yangu peke yangu."

Nilielewa. Nikaingia kwa tumbo chini ya minyaa. Kovu hili hapa juu ya nyusi ni la utomvu wa siku hiyo. Mama aliliosha yai, akalitumbukiza kwenye chungu cha michembe, likaivia humo na kutoka na rangi ya udongo. Akalipeleka nyuma ya nyumba, akageukia ukuta, akalila kwa matonge mawili. Bila chumvi, maana chumvi aliishika bibi. Maganda akayasaga kwa kisigino.

Tukaendelea hivyo, kila tetea akitaga. Asubuhi naingia kwenye minyaa, jioni bibi ananiuliza, "Jicho langu, umeona nini leo?" Namjibu, "Sijaona kitu, bibi." Ananipa ini. Ndugu yangu, ini lile lilikuwa halishuki. Nilijiona nimebanwa kama nipo mle mle chini ya minyaa, kila upande una utomvu.

Uchungu ulimshika mama wakati wa kuvuna pamba, alfajiri. Jua likapanda, likasimama utosini, mtoto hatoki. Jirani yetu aliyejua kuzalisha akatoka nje, jasho linamtiririka, akamwambia bibi, "Mama, fungeni ng'ombe, tumpeleke misheni."

Bibi alikuwa keshasimama mlangoni pa chumba. "Mkokoteni hautoki mpaka aseme amekula nini. Akiondoka na siri tumboni atafia njiani." Akageukia ndani. "Sema, binti! Umefunga njia kwa nini?"

Mama hakusema. Nilimsikia akiguna tu. Alijua akitaja yai atarudishwa kwao na ng'ombe wa mahari watadaiwa. Mimi nilijua jambo moja: akinyamaza atakufa, na mimi ndiye niliyemletea.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Nilimpa mayai! Ya kwenye minyaa!"

Bibi akatoka pale mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Fungeni ng'ombe."

Tulikuwa hatujafika hata nusu ya njia, mkokoteni unarukaruka kwenye makorongo, mtoto akatoka. Msichana, na nywele nyeusi tii mpaka shingoni. Jirani akamcheka bibi. "Kipara kiko wapi, mama?" Bibi akamgeuza mtoto huku na huku. "Zitadondoka," akasema.

Bibi aliamini mpaka anaingia kaburini kwamba ungamo langu ndilo lililofungua njia. Nesi alisema ni mtikisiko wa mkokoteni. Mimi mpaka leo sijui. Mama hakurudishwa kwao, bibi mwenyewe alimwombea msamaha kwa baba, lakini kisimani wanawake walimwita Mla Mayai. Kule kwenye mkokoteni aliniuliza neno moja tu: "Umesema?" Nikamjibu nimesema. Akafumba macho. Hakunigombeza kamwe. Ila hakunituma tena kitu cha siri, hadi nikawa mtu mzima.

Sasa bibi hayupo, minyaa iling'olewa tulipohamishwa, na chungu cha michembe sijui kiliishia wapi. Mdogo wangu huyo aliyezaliwa mkokotenini anakula mayai mlangoni na pilipili, anacheka.

Banda langu la kwanza lilipoanza kutaga, nilimpelekea mama trei nzima, nimevaa koti, kifua mbele. Akayasifu mayai moja moja. Akachemsha yai moja, akalimenya. Nyumba ilikuwa yake, bibi kesha kufa, hakuna aliyekaa mlangoni. Mama akainuka na yai lake, akaenda nyuma ya nyumba, akageukia ukuta.

Nikabaki nimeshika sahani ya chumvi.