Pua na Uzi Mweupe

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu mkubwa, alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini pale bandani tunapopokea samaki hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Pua. Si kwamba pua yake ilikuwa kubwa. Ilikuwa ya kawaida, tena nyembamba kidogo, ila Mungu alikuwa ameweka humo kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine. Sanduku la samaki likishushwa kutoka kwenye boti, yeye aliinama, akanusa mara moja tu, akafunga uzi. Uzi mweupe maana yake samaki aende akapikwe akiwa mbichi, aliwe hata na mgonjwa. Uzi mwekundu maana yake apelekwe kwenye moshi akakaushwe. Hakuna aliyebishana na uzi wa Pua.

Akina mama wachuuzi walimtania kila asubuhi. Kulikuwa na mmoja mnene, mcheshi, aliyezoea kumwambia, "Pua, hebu ninuse na mimi nijue nimebakiza siku ngapi." Naye bila kuinua kichwa humjibu kwamba yeye alishafungiwa uzi mwekundu zamani. Watu wanacheka, kazi inaendelea.

Mimi niliosha masanduku, na meza yangu ilipakana na yake, kwa hiyo niliyoyajua kuhusu samaki niliyapata kwa kumsikia akiwafundisha watu wa boti. Aliwaambia samaki haharibiwi na jua, anaharibiwa na mtu. Akitoka majini asiachwe akitapatapa juu ya mbao mpaka afe mwenyewe, maana anayekufa kwa kuhangaika nyama yake hulegea upesi. Apigwe kichwani mara moja. Akatwe nyuma ya mashavu damu itoke, kisha apozwe kwenye maji ya barafu. Matumbo yatolewe taratibu kwa ncha ya kisu, kwani nyongo ikipasuka uchungu wake hautoki hata uoshe na mto mzima. Halafu tumbo lijazwe barafu iliyopondwa, samaki alazwe tumbo chini, na sanduku liwe na matundu, maana samaki aliyeachwa kwenye barafu iliyoyeyuka ni kama nguo iliyosahauliwa kwenye beseni. Mtu akimwambia samaki mmoja akioza wameoza wote, hujibu kwamba hiyo ni methali ya watu wasio na barafu.

Somo lake la mwisho ndilo lililokuja kumgeukia. Aliwafundisha kung'oa mashavu yote, yale anayopumulia samaki, huko huko kwenye boti, kwa sababu mashavu ndiyo huanza kuoza. Ilikuwa kweli, na samaki wetu wakasifiwa kila mahali. Lakini mashavu ndiyo pia yanayomsema samaki. Yakiwa mekundu, ni wa leo. Yakiwa ya kahawia, ana siku zake. Ukiyang'oa, unabaki na jicho, na jicho likifunikwa barafu vizuri hukaa zuri hata siku ambazo si zake. Kidole nacho hudanganyika, kwani baridi humfanya hata aliyechoka awe mgumu. Kinachobaki kusema ukweli ni pua.

Dada alifariki bila kujaliwa mtoto. Shemeji akabaki kwenye vyumba vyao viwili, na viti viwili, kimoja cha kukalia na kingine cha kuwekea mablanketi. Mwaka uliofuata akaugua homa, siku tisa za kitandani, akarudi kazini amekonda shingo. Tukamshukuru Mungu, tukasahau.

Alasiri moja nikampelekea mboga. Kabla sijafika mlangoni nilishikwa na moshi kooni. Nikaingia mbio, nikamkuta amekaa hatua mbili kutoka jikoni, ameipa sufuria mgongo, anakata nyuzi za wiki nzima, nyeupe huku, nyekundu kule. Hana wasiwasi.

"Shemeji, maharage yanaungua," nikamwambia.

"Yanaungua?" akauliza, kama mtu anayeambiwa habari za mji asioujua.

Nilicheka kwanza. Halafu nikamwona uso, nikaacha. Akaniambia tangu ile homa hasikii harufu yoyote. Alijua siku ya kwanza aliyotoka kitandani, alipofungua sanduku lenye kitambaa cha kichwa cha dada. Ilikuwa desturi yake, kila siku ya mapumziko hukifungua, hukinusa, hukifunga. Siku hiyo hakupata kitu. Akadhani kitambaa ndicho kimechoka. Akachukua sabuni, akachukua kitunguu, mwishowe akafungua chupa ya mafuta ya taa akaiweka puani. Ilikuwa kama maji.

Nikamuuliza, na hao samaki aliowafungia uzi tangu arudi? Akasema anatazama jicho, anabonyeza, anawasikiliza watu wa boti wanavyoongea. Kisha akainamisha kichwa. "Na uso wako pia nautazama," akasema. "Sanduku likiwa limechoka wewe hukunja uso kabla hujajua kama umekunja."

Nilimsihi amwambie msimamizi. Nilimwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na kwamba safari hii kifo chenyewe kinaweza kuwa cha mtu mwingine, aliyekula. Aliendelea kuikwangua ile sufuria.

"Nikiwaambia, nani ataniita tena?" akasema. "Pale ndipo ninapoitwa, shemeji. Humu ndani hakuna anayeniita kwa jina lolote."

Toka siku hiyo nikawa pua yake kwa kujua. Sanduku likiwa zima, naweka brashi yangu ya kuoshea mezani. Likiwa na walakini, naiacha ndani ya ndoo. Yeye huinama kama zamani, hunusa hewa, hutupa jicho kwenye brashi, hufunga uzi. Hatukukosea hata mara moja. Lakini kila nilipopiga magoti kusali nilimwomba Mungu anionyeshe kama ule ulikuwa msaada au uongo, na sikuona jibu. Au niliona, nikageukia upande mwingine.

Miezi mitano ikapita hivyo. Kisha bomba la meza yangu likapasuka, na msimamizi akanihamishia kwenye karo la nyuma, karibu na mlango, mpaka fundi apatikane. Kati yangu na Pua zikawa hatua ishirini, masanduku yamepangwa hadi kifuani, na mimi nimezungukwa na dawa ya kusafishia sakafu. Siku ya kwanza alipita salama, zilikuja boti mbili tu, na samaki walikuwa wametoka majini muda si mrefu.

Siku ya pili akaingia nahodha mmoja tuliyemwita Kimya, kwa sababu hanyamazi. Injini ilikuwa imemfia majini, amevutwa na wenzake, amechelewa kupita kiasi. Aliyasimulia hayo yote kabla kamba haijafungwa. Alikuwa na sanduku moja kubwa. Samaki wamesafishwa vizuri, mashavu hayamo, matumbo yamejazwa barafu, wamelazwa tumbo chini kama walivyofundishwa. Lakini barafu ya juu ilikuwa imepungua, na ilionekana. Dereva wa jiko la hospitali alikuwa amesimama pale na karatasi yake, anasubiri uzi mweupe.

Pua akainama akanusa. Akainama tena. Nilisimamisha mikono yangu majini, maana mtu yule hakuwahi kunusa mara mbili. Akabonyeza kwa kidole gumba. Akatazama jicho la samaki. Kisha akanitazama mimi, kule mbali, juu ya masanduku. Niliinua mikono yangu miwili mitupu ili aone kwamba sina la kumwambia.

Akashika uzi mweupe, akaurudisha. Akashika mwekundu.

"Pua, mimi?" Kimya akasema. "Mimi unanifungia mwekundu? Wewe uliyenishika mkono huu ukanionyesha pa kupitisha kisu?"

Sote tulijua uzi mwekundu kwenye sanduku lile ungezunguka kwenye boti zote kabla ya mchana: Kimya ameanza kuleta samaki wabovu. Na mweupe ulikuwa wa kwenda moja kwa moja kwenye midomo ya wagonjwa. Nilimwona shemeji akiutazama ule uzi mkononi kama hajawahi kuuona. Akauweka chini, akaongea kwa sauti ya mtu anayeomba maji.

"Sijui, ndugu yangu. Sisikii harufu. Tangu ile homa sisikii kitu."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani. Hakupata wa kumsaidia, akaacha. Msimamizi akatoka kwenye kijumba chake, si mtu mbaya, akamuuliza ni muda gani. Zaidi ya miezi mitano. Na nani alikuwa anamnusia? Pua akasema Mungu alimsaidia, na hakugeuka upande wangu hata kidogo. Hapo miguu yangu ikanipeleka yenyewe, nikafika pale nachuruzika maji hadi viwikoni, nikasema ni mimi.

Msimamizi hakunigombeza. Aliniambia ninuse lile sanduku. Nikainama. Nilisikia maji safi, na harufu ndogo ya chuma, kama kisu kilichotoka kuoshwa. Hakuna kingine. Samaki walikuwa wazima kabisa, Kimya alikuwa amewatunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Nikalisema hilo. Dereva akafungiwa uzi wake mweupe, akaondoka. Na Kimya, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akastahili jina lake.

Nyuzi zikakabidhiwa kwa yule mama mcheshi. Mimi nikarudishwa kwenye meza yangu, na onyo ambalo nilistahili. Pua hawakumfukuza. Walimpa chumba cha barafu, kule nyuma ya mlango mzito, apondeponde na kujaza ndoo. Ile mashine inaunguruma kiasi kwamba ukitaka kumwambia kitu lazima umguse bega. Watu walimhurumia sana. Na kwa kumhurumia, wakaacha kumwita Pua, wakaona ni kama kumcheka. Jina jingine hawakuwa nalo. Wakawa wanasema mzee, wakipita kuchukua ndoo. Shikamoo, mzee. Ahsante, mzee. Siku nyingine hata hilo halikusikika kwa ajili ya mashine.

Siku ya mapumziko nikaenda kumwona. Alikuwa ameinjika maharage. Mezani palikuwa na sahani moja. Hakukuwa na nyuzi za kukata, na mikono yake ilikaa juu ya magoti kama ya mtu anayesubiri kuitwa. Kisha akasimama, akafungua lile sanduku, akanipa kitambaa cha dada kikiwa kimekunjwa.

"Nusa, shemeji," akasema. "Uniambie kama bado yumo."

Nikakiweka usoni nikavuta pumzi polepole. Nilimtafuta dada yangu humo, mafuta yake ya nywele, jasho lake la jikoni. Nilivuta tena. Ingekuwa rahisi kusema ndiyo, na yeye asingejua milele. Lakini nilikuwa nimeshamnusia mtu huyu uongo miezi mitano.

"Nasikia mbao za sanduku," nikamwambia. "Na zile dawa nyeupe za wadudu. Basi."

"Hayumo?"

"Hayumo, shemeji. Nadhani aliondoka siku nyingi."

Nikaogopa kwamba nimemuua. Halafu akavuta pumzi, ile ya mtu anayetua mzigo mlangoni.

"Kumbe si pua yangu tu," akasema.

Akakichukua kitambaa. Hakukirudisha sandukuni. Aliyaondoa mablanketi kwenye kile kiti cha pili, akakitandika kitambaa kwenye mgongo wa kiti, akakinyoosha kwa kiganja. Kisha akaniuliza maharage yananukiaje.

Nikageuza uso kuelekea jikoni, nikasikiliza kwa pua yangu. Nikamwambia yamekaribia, maji yamepungua.

Akainuka akapunguza moto.