Gesi Mpya Kwenye Tanki la Mama Mkwe

Wacha niwaambie, na msinicheke sana, kwa sababu hii aibu bado ninayo mpaka wa leo: ni mimi, fundi wa friji kutoka Soin, mtu wa kujigamba kila soko, niliyeharibu maziwa ya kikundi kizima cha kina mama huko Silibwet, kwa wakwe zangu, nikiwa nimevaa ovaroli mpya (ndiyo, niliinunua ya kuonekana nayo).

Mwenyekiti wa hao mama alikuwa mama mkwe wangu mwenyewe. Walikuwa wamechoka na mabroka, wale wa kuja na pikipiki kununua maziwa kwa bei wanayotaka wao, wakajichanga wakapata tanki kuukuu la kupoza, na kampuni fulani ikakubali kutuma lori ijaribu maziwa yao mara moja tu: yakiwa mazuri itaendelea kuja, yakiwa mabaya, kwaheri. Sasa siku moja kabla ya lori, gesi ya tanki ikavuja yote. Nikaitwa.

Kuziba haikuwa kazi. Shida ilikuwa gesi, maana tanki lilitumia ile ya zamani na dukani Bomet nilipata ya aina mpya peke yake. Na kila gesi ina valvu yake (ni kale kadude ka shaba kanakopima gesi ya kuingia kwenye mabomba ya kupoza), na ya tanki hili ilikuwa imeandikwa wazi kabisa ni ya gesi ya zamani. Valvu ya kufaa gesi mpya ingetoka Nakuru, na si leo. Ningesema tu, "Mama, waambie lori ingoje." Lakini mkwe wa Kikipsigis anaanzia wapi kumwambia mama mkwe hapana? Hata kumwangalia usoni siwezi! Alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa, akauliza polepole, "Itakubali, mwanangu?" Nami, macho kwa spana, nikajibu, "Itakubali, mama."

Nikatia gesi mpya, valvu nikaiacha ile ile. Nikajaribu na maji kidogo, bomba likashika barafu pale mwanzo, maji yakapoa, nikapiga mluzi. Kumbe gesi ilikuwa inapita kidogo mno, inapoza mwanzo wa bomba tu, na maji ya ndoo si tanki zima la maziwa ya jioni yenye joto la ng'ombe. Kina mama wakamimina huku wakiimba, wakaniombea hata, nami nikaenda kulala kwa shemeji, mursik, yale maziwa yetu ya mgando, tele tumboni.

Asubuhi lori ikafika. Dada wa kampuni akachota maziwa, akachanganya na dawa yake kwenye kichupa, akatikisa, yakaganda, yaani yameshaanza kuchacha. Akarudia, yakaganda tena. Nikagusa tanki. Vuguvugu. Wueh! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na kwetu maziwa ni baraka, hayamwagwi ovyo, sasa hapo wakafungua koki yakateremka mtaroni na wenyewe wamesimama wanaangalia. Mama mmoja akaanza kulia.

"Nani ameharibu?" mwingine akauliza. Nikafungua mdomo, lakini mama mkwe akanitangulia: "Ni mimi. Nilichelewa kuwasha stima. Msimlaumu huyu mtoto wa watu." Na mimi, jamani, nikamwacha abebe, nikaanza kukusanya spana zangu.

Lori haikurudi. Wakamtoa mama kwenye uenyekiti, wakarudi kwa mabroka. Jumapili iliyofuata nikashindwa kuvumilia, nikasimama kanisani kwao Silibwet baada ya matangazo nikasema yote, gesi, valvu, kila kitu, mpaka machozi yakanitoka. Unajua walifanya nini? Walinipigia makofi! Mzee wa kanisa akanishika mkono: "Huyu ndiye mkwe! Anabeba makosa ya mama yake." Nikaapa ni kweli, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kunisifu. Mama alikuwa benchi ya nyuma, ameangalia chini.

Siku hizi sitii gesi kabla ya kusoma valvu, na kazi isiyowezekana nasema haiwezekani, hata anayeniuliza awe nani. Lakini kiti cha mama kina mwenyewe mwingine. Nikipita Silibwet watu wananisalimia kwa heshima, ati mkwe wa mfano, naye mama akiniona anasema tu, "Karibu, mwanangu," na haki inauma.