Vanishi Kwenye Ukuta wa Baba

Baba alijenga nyumba yetu ya Ruiru kwa mawe ya machimbo, akichonga kila jiwe mwenyewe. Hakutaka plasta ifunike kazi yake. Lakini mawe yale yalikunywa maji. Ikinyesha siku mbili mfululizo, ukuta wa chumbani uligeuka mweusi, na Mama, aliyekuwa na pumu, alilala ameketi jikoni.

Katikati ya miaka ya tisini niliajiriwa na kiwanda cha rangi Thika, kwenye chumba cha kupima ubora wa rangi. Nikanunua vanishi, nikapaka ukuta kwa nje mara tatu. Mvua iliteleza kama kwenye kioo. Mwezi haukuisha, vanishi ikatoka malengelenge. Nilitoboa moja kwa ukucha, maji yakachuruzika. Unyevu uliopanda kutoka kwenye msingi ulikosa pa kutokea, na ukungu chumbani ukazidi.

“Umenivalishia nyumba nailoni,” Baba alisema. Kwa siku nyingi hakunisemesha tena.

Kazini nilimweleza mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa mchanganyaji wetu wa rangi.

“Wewe uliziba matundu ya jiwe, binti yangu,” alisema. “Tumia dawa nyepesi izame, iyapake matundu kwa ndani tu, yabaki wazi. Maji hayataingia, na mvuke utatoka.”

Alinipa resini ya silikoni, dawa ya kufukuza maji, na thina ya kuipunguza uzito. Nilibeba vipande vya mawe kutoka nyumbani, nikapaka kila kimoja mchanganyiko wake. Mzito uliacha ngozi juu ya jiwe. Mwepesi sana haukuzuia kitu. Kwenye kipande cha nne tone la maji lilikaa mviringo bila kuzama, na nilipokilowesha kwa chini, kesho yake kilikuwa kimekauka.

Kabla ya kupaka ilibidi nikwangue vanishi yote kwa brashi ya waya. Jumamosi ya pili Baba alitoka nje, akasimama akinitazama.

“Unakwaruza kama unaosha sufuria. Lete hiyo brashi.”

Tulifanya kazi hadi jioni. Ukuta ulipokauka, tukapaka pamoja.

Mvua za masika zilipokuja, mawe yalibaki ya kijivu. Pale chini karibu na msingi palibaki alama ya unyevu, na pumu ya Mama haikuisha, ila alirudi kulala kitandani. Baba hakuniomba msamaha, wala mimi sikumwomba. Alimwita jirani, akamwagia ukuta maji kwa kikombe mbele yake, yakateleza, akasema, “Huyu msichana wangu ndiye aliyeipima dawa hii.”