Shikamoo Niliyoiandika Barazani

Asubuhi ile nilifungua kompyuta ya kaka yangu kabla sijanywa chai. Nikaandika jina langu la barazani na neno la siri, na mahali pa mazungumzo nikakuta mstari mmoja mwekundu: "Umefungiwa. Umevunja kanuni ya tatu."

Nilidhani mashine imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha, nikasubiri waya wa simu umalize makelele yake ya kuunga mtandao, nikajaribu tena. Mstari ule ule. Katika maisha yangu sikuwahi kufukuzwa mahali. Hata shule niliiacha mwenyewe, darasa la saba, Tabora, tulipohamia Ibra, Omani.

Baraza lenyewe lilikuwa la mtandaoni, la sisi Waomani tunaozungumza Kiswahili. Walikuwemo wa Ibra, wa Nizwa, wa Sur, na jamaa waliobaki Unguja na bara. Kila mtu alijipa jina la kubuni. Mimi ni fundi cherehani, na miaka ile Kiarabu changu kilitosha kuombea chumvi tu, kwa hiyo kule ndiko nilikokuwa mtu mwenye maneno. Labda maneno yalinizidi.

Alikuwepo mama mmoja aliyejiita kwa jina la ua la kwao Unguja. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mjini cha zamani. Aliandika kwamba mumewe ameoa mke wa pili Sur, na kila Alkhamisi yeye ndiye anayempigia pasi dishdasha, ile kanzu yake ya kwendea huko. "Huipiga mie mpaka mikono isimame," aliandika, "asije akasema huyo mwenzangu kuwa nyumba hii haina mwanamke." Hakulalamika. Alisimulia tu, nasi tulimsubiri kama watu wanavyosubiri mchezo wa redio. Hakuna aliyemjua, na nadhani ndiyo maana aliweza.

Siku moja akaandika habari ya siku ya harusi yenyewe. Alisema alikuwa ameshonesha nguo ya kijani, yenye nakshi za fedha mikononi. Siku hiyo akaivaa, akapika kahawa, akakaa sebuleni peke yake kama anayengoja wageni. Hakuja mtu. Akaivua, akaitundika, akaenda kusali alasiri.

Nguo hiyo niliishona mimi.

Niliruka kwenye kiti. Nakshi ya mkono wa kushoto niliifumua mara mbili kwa sababu ilipinda. Mwenyewe alikuwa mteja wangu wa siku nyingi. Kila Jumatano alikaa kwenye mkeka wangu, soko la wanawake, tukanywa kahawa. Kuwa mumewe kaoa Sur, mji mzima ulijua, lakini hakuna aliyethubutu kumtajia. Nguo ile aliniambia ni ya Idi.

Mimi nimelelewa hivi: ukimtambua mkubwa ukapita bila kumwamkia, umekosa adabu. Basi nikaandika, mbele ya watu wote: "Shikamoo shangazi! Kumbe ni wewe! Ile ya kijani si niliishona mimi hapa Ibra, ukaniambia ya Idi?"

Kabla ya adhuhuri majibu yalikuwa yamejaa.

"Hahaa! Fundi kamtoa mtu nje na kanga moja!"

"Fundi wa Ibra ana wateja wangapi wenye waume Sur? Haya, tuanze."

"Msihangaike, nishamjua. Mumewe jirani ya mjomba wangu."

Nikacheka nao. Hilo lazima niliandike, nisije nikajipaka uzuri. Nilicheka.

Basi asubuhi iliyofuata ndipo nilipofungiwa. Nikamwandikia barua pepe msimamizi wa baraza, kwa hasira: "Kaka, siku hizi shikamoo ni kosa?"

Alijibu siku hiyo hiyo: "Dada yangu, hukufungiwa kwa shikamoo. Ungemwamkia kwa jina alilojipa, ningekushukuru. Kanuni ya tatu inasema tusimfunue mwenzetu. Wewe umetaja mji, umetaja nguo, umejitaja na wewe mwenyewe. Mama yule ameniomba nifute kila alichoandika. Nimefuta. Wewe utakaa nje miezi mitatu."

Kila alichoandika. Nilisoma maneno hayo nikahisi baridi, na ilikuwa Juni, kilele cha joto la Omani. Kwa haki, msimamizi angeweza kunionya kwanza. Lakini kwa haki hiyo hiyo, siku ya kujiunga kanuni zote zilikuwa mbele yangu, nami nikabonyeza "nakubali" bila kusoma hata moja.

Jumatano hakuja sokoni. Ya pili hakuja. Ya tatu nikafunga mkeka mapema nikaenda kwake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Sauti ile ile, hata haikuyumba. Akanimiminia kahawa, akanisogezea tende. Nikaanza kulia.

"Ebo! Unalia nini? Mwenye kilio si mie? Tena sina nafasi, nna unga jikoni."

"Bwana amejua?"

"Binti wa dada yake kamsomea, kabla hayajafutwa. Yote, mpaka ya pasi."

"Akasemaje?"

"Hakusema neno. Alkhamisi kaitoa dishdasha kabatini mwenyewe, kaivaa vivyo hivyo imekunjamana, kaondoka." Akatazama kikombe chake. "Sijui ndiyo hasira ile au ndiyo haya. Miaka yote hii, na sijui."

Nikamwambia nilitaka kumwamkia tu.

"Najua. Adabu unayo. Lakini hebu nambie: mwanamke kapita njiani kajifunika uso, wewe umemjua kwa mwendo. Utamwita jina mbele za watu?"

Hilo nimelijua tangu mtoto. Hakuna anayelifanya hata kwa mzaha. Mpaka leo sielewi lilikwenda wapi nilipokaa mbele ya kompyuta.

"Kule sikuwa mke wa mtu," akasema. "Nikisema, nimesema mie. Wewe ukanirejesha nyumbani." Kisha akaniuliza kama tende zile ni tamu au amepunjwa.

Idi ilipofika hakuivaa ile ya kijani. Alivaa ya zamani.

Miezi mitatu ikaisha, nikafunguliwa. Nilirudi kusoma tu. Baada ya wiki chache akaingia mgeni, akajiita kwa jina la kiungo cha pilau. Akaandika, kwa Kiswahili kile cha mjini cha zamani, habari ya mwanamke aliyeacha kumpigia mtu pasi, na sasa Alkhamisi hajui mikono aiweke wapi. Watu wakamkaribisha, wakamuuliza anatoka mji gani. Hakujibu.

Inawezekana si yeye. Waunguja ni wengi. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye herufi ya kwanza ya shikamoo. Nikakiondoa, nikaizima kompyuta, nikarudi kwenye cherehani.