Maneno Ishirini na Manne Steshenari

Sisi Singida karatasi ya maana lazima ipigwe laminesheni. Juzi steshenari ya mjini mwalimu mmoja alileta yake: maneno ishirini na manne ya kufungulia kifaa chake kipya cha kutunzia sarafu za kidijitali. Anayeyajua anazichukua zote.

Kijana wa kaunta, kwa ukarimu tu, akaanza kuyasoma kwa sauti. "Mwalimu, la tano limefifia. Nikuchapie upya?"

Mwalimu akaikwapua karatasi, akaibana kifuani.

Bibi aliyemfuata kwenye foleni, mbele yangu, akauliza, "Siri gani hiyo unaileta hadharani?"

"Shikamoo, bibi. Niliogopa isije ikalowa."

"Marahaba. Si ungeifunga nailoni ukaificha nyumbani?"

Mwalimu wangu, kabla hujaweka hela, kifute kifaa uanze upya, upewe maneno mengine. Yale manne ya kwanza ninayo kichwani.